Mahali Gari Linapolala

Kahawa ilikuwa ya bure, na hilo ndilo lililomtia mke wasiwasi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kukifikisha mdomoni.

"Kunywa," mumewe alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanakuona unaikodolea macho."

"Nakunywa. Nataka tu kujua tunailipia wapi."

Walikuwa wamekaa kwenye viti vya ngozi katika sebule ya wakala wa magari, mahali ambapo hata saa ya ukutani haikuthubutu kupiga kelele. Mbele yao kioo kirefu kiliwatenganisha na karakana. Upande wa pili, juu ya sakafu nyeupe kama ya chumba cha upasuaji, gari lao jeusi lilikuwa limeinuliwa hewani, tumbo wazi, na kijana mwenye tochi alikuwa akilichungulia kwa chini. Mke aligeuza uso. Alijisikia kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu.

Mume alikuwa amevaa suti yake ya kazi, glavu nyeupe zikiwa zimekunjwa kwenye mfuko wa juu. Mtaani walimwita Bwana Harusi, kwa sababu kila Jumamosi alionekana amependeza mbele ya ukumbi, ingawa kuoa kwenyewe alioa mara moja tu. Yeye aliwaendesha maharusi. Mkewe alifunga riboni, akapanga maua juu ya boneti, akapokea simu na kubishana bei. Gari hilo moja lilikuwa shamba lao, duka lao na mshahara wao. Tangu juzi lilikuwa limekaa chini upande wa nyuma, na taa ya njano haikuzimika.

Kijana mmoja mwenye tai alikuja na kompyuta bapa mkononi. Aliwaamkia vizuri, kisha akatazama nyuma yao, kama anayemtafuta mtu wa tatu.

"Mwenye gari atafika saa ngapi?"

"Mwenye gari ni mimi," mume alisema.

Macho ya kijana yalishuka hadi kwenye glavu. "Oh, samahani sana mzee. Nilidhani wewe ni dereva."

"Dereva pia ni mimi."

"Na mimi ndiye mwenye dereva," mke alisema, akakiweka kikombe mezani. "Tuambie."

Kijana alicheka kidogo, halafu akawa mtu wa kazi. Alieleza polepole na bila madaha. Gari hili, alisema, halina springi za chuma kama magari mengine. Linabebwa na hewa. Kuna pampu inayosukuma hewa hadi kwenye shokapu. Pampu imeshindwa kazi. Ushauri wao ni kuweka pampu mpya, pamoja na shokapu zote mbili za nyuma, kwa sababu ukibadilisha kimoja ukaacha kingine utarudi tena.

"Pampu mliweka nyinyi wenyewe," mume alisema. "Kabla ya mvua zilizopita. Mpya, kwenye boksi lake. Nililiona boksi."

"Naiona hapa. Dhamana yake imeisha mwezi uliopita."

"Pampu nayo ikajua," mke alisema.

Kijana aliigeuza kompyuta ili waone bei. Mke alisoma tarakimu kutoka kushoto, kisha akazisoma tena akianzia kulia, labda zingepungua. Kwa kiasi kile mtu angeezeka nyumba yao yote kwa bati jipya, na bati lingebaki la kuezekea banda.

"Haiwezi kutengenezwa tu, hiyo pampu?"

"Hapa hatutengenezi, dada. Tunabadilisha." Alisema bila kiburi, kama mtu anayetaja saa za kufungua ofisi. "Na vipuri vinaagizwa. Mkikubali leo, vitafika wiki ijayo."

"Jumamosi tuna harusi," mke alisema.

"Wiki ijayo," kijana alirudia, na safari hii alionekana kweli kusikitika.

Mume alikuwa ameshatoa kalamu. Kwake yeye hilo halikuwa jambo la kujadili: gari la heshima lina nyumba yake, na nyumba yake ni hapa. Lile gari halijawahi kuguswa na spana ya mtaani, na alipenda kuwaambia hivyo wateja. Hata riziki ikiyumba, mihuri ya wakala kwenye kitabu cha gari ilikuwa imepangana bila pengo. Mkewe aliweka kiganja juu ya kalamu, taratibu, kama anayefunika chakula.

"Tutafikiri kwanza," alimwambia kijana.

Kijana mwenyewe ndiye aliyewasindikiza hadi getini. Gari liliburuza nyuma yake chini kama mtu aliyevaa suruali ya kaka yake. Kijana alipoinama kwenye dirisha la mke, mikono ilikuwa nyuma na macho yalikuwa barabarani.

"Kuna mama mmoja alikuwa hapa zamani," alisema. "Alikuwa fundi mkuu wa hizi shokapu. Siku hizi ana gereji yake, nyuma ya soko la mbao. Wanamwita Dokta." Aliinuka, akanyoosha tai. "Mimi sijasema kitu."

"Hujasema," mke alisema. "Hata sauti yako siijui."

---

Njiani hawakuzungumza. Simu ndiyo iliyozungumza. Alikuwa meneja wa ukumbi, mtu mnene, mpole wa sura na mgumu wa maneno, ambaye karibu harusi zao zote zilipitia mikononi mwake.

"Nasikia gari lenu linaumwa."

"Umesikia kwa nani?" mke aliuliza.

"Gari la namna ile likipita limekaa kitako, mji mzima unasikia. Sikiliza, mama. Baba wa bibi harusi wa Jumamosi si mtu wa kuambiwa samahani. Na mimi nina kijana mwenye gari jeupe, kila siku yuko mlangoni kwangu. Nikikosa gari Jumamosi, nawahamishia harusi zote kwake. Si kwa ubaya."

"Jumamosi tutakuwepo."

"Likiwa limesimama?"

"Likiwa limesimama."

Alipokata simu, mumewe alikuwa akimtazama. "Umeahidi kwa kutumia nini?"

"Kwa kutumia mdomo. Zunguka hapo, twende soko la mbao."

"Mimi sipeleki gari hili kwenye vumbi la mbao."

"Basi simamisha, nishuke, nitalisukuma mwenyewe."

Alizunguka.

---

Gereji ya Dokta haikuwa na vumbi. Ilikuwa banda refu la mabati lenye sakafu ya saruji iliyofagiwa, iliyonyooka kama meza, na spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa. Mwenyewe alikuwa mwanamke mpana, miwani imepandishwa kwenye kilemba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Unyenyekevu hakuwa nao, wala hakujifanya kuwa nao.

"Karibuni. Mmetoka kwa wakala, najua. Wakawaambia pampu na shokapu mbili."

"Umejuaje?" mume aliuliza.

"Mimi ndiye niliyewafundisha kusema hivyo." Alicheka peke yake, kwa raha. "Shemeji, hizo glavu ziingize mfukoni kabisa. Hapa zitalia."

Alichomeka kompyuta yake, akalala chini ya gari juu ya ubao wenye magurudumu, akatoka, akalala tena. Alipaka povu la sabuni kwenye mabomba akitafuta hewa inayovuja. Kisha akaifungua pampu mbele yao juu ya benchi, akawaonyesha pete ndogo ya ndani iliyolika upande mmoja.

"Hii tu. Hii ndiyo imekufa. Pete ninayo, na kikausha hewa nitakibadilisha pia. Shokapu zenu nzima, zitazeeka pamoja na nyinyi."

Mume alimwuliza lile lililokuwa likimkaa kooni. "Kwa hiyo wale ni wezi?"

Dokta alifuta mikono kabla ya kujibu. "Sio wezi. Kule kuna umeme wa taa zile zote, kuna sakafu ile, kuna kahawa ile. Mtu lazima alipe. Na wao hawana muda wa kukaa wanafukua pampu. Wakiweka mpya wanaweza kulala usingizi. Ukija kwangu umepoteza funguo, au breki zako zinataka kompyuta ya kiwandani, nitakurudisha kule kule mwenyewe. Lakini pampu niachie."

Kisha akataja bei yake. Haikuwa bei ya msamaha. Mke alibisha, Dokta akabisha, wakabishana kama ndugu wawili wanaogawana shuka, na walipofika mwisho kila mmoja aliona amepunjwa kidogo. Lakini bati la nyumba lilibaki salama.

Gari lililala gerejini mpaka Alhamisi, na kila asubuhi Dokta alimpigia mke simu bila kusalimia: "Limesimama wima!" Alhamisi jioni walilichukua wote wawili. Lilikuwa limenyanyuka nyuma, limetulia, na lilipopita juu ya tuta halikutikisa hata ua la plastiki kwenye dashibodi. Mke alimwona mumewe amezitoa glavu, amezivaa.

---

Ijumaa asubuhi mke alitoka na ndoo na kitambaa cha kuoshea, akasimama.

Gari lilikuwa limekaa kitako, kama ng'ombe aliyegoma.

Alisimama pale mpaka mumewe akatoka, naye akasimama karibu yake. Ua wao ulikuwa mwembamba. Upande mmoja nyumba yao, upande wa pili ukuta, katikati njia ambayo majirani wote waliitumia. Ubavuni mwa nyumba kulikuwa na kibaraza kifupi cha saruji, na mwisho wa kibaraza chumba cha mama mzazi wa mume, bibi ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi.

"Sisemi kitu," mume alisema.

"Umeshasema."

"Sijafungua mdomo."

"Uso wako umefungua."

Muuza maji alikuja na mkokoteni wake uliojaa madumu, akapunguza mwendo. "Bwana Harusi! Gari limepiga magoti leo? Linaomba dua?"

"Pita na maji yako."

"Napita. Kesho mkikosa gari, mkokoteni huu hapa. Nitaufunga riboni."

Huko nyuma majirani wawili walicheka, kicheko cha watu wanaojua kwamba wanasikika. Mume alikaa kwenye ukingo wa kibaraza, akaweka mikono magotini. Alipoongea tena, hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza mkewe zaidi.

"Tungeenda kwa wakala, tungekosa harusi moja. Sasa tumekosa harusi na hela. Na meneja amepata sababu. Nitamwambia nini? Nilipeleka gari nyuma ya soko la mbao?"

Mke alitoa simu akampigia Dokta, safari hii yeye ndiye asiyesalimia. "Njoo ulione."

Dokta alifika kwa pikipiki, mkoba wa kompyuta mgongoni, miwani kwenye kilemba. Alianza na maneno makubwa, kwamba mkono wake hauwezi kukosea, kwamba kwake gari lilikaa siku zote limesimama, kwamba lazima kuna mtu amelichezea. Halafu akalala chini. Povu la sabuni halikutoa hata tundu moja. Alichomeka kompyuta, akasoma, akachomoa, akachomeka tena. Alipoinuka, mgongo wake ulikuwa na vumbi la uani na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sijui," alisema.

Lilikuwa neno fupi, lakini ilionekana limemgharimu.

Alilizunguka gari polepole. Alisimama upande wa mbele akaliangalia kama mtu anayepima fremu ya picha ukutani, kichwa kimeinama kidogo kushoto. Kichwa kilibaki vile vile, kimeinama.

"Usiku lililala wapi?"

"Hapa," mume alisema. "Gari letu linalala hapa."

"Hivi hivi? Magurudumu mawili juu ya kibaraza, mawili chini?"

"Ndiyo. Siku zote. Mlango wa mama unafunguka kwa nje. Nikiliweka chini lote mbele ya mlango, haufunguki vizuri; nikilisogeza kuelekea ukuta, mkokoteni haupiti. Kwa hiyo napandisha upande mmoja hapa, kabla ya mlango."

"Siku zote," Dokta alirudia.

"Mama atatokaje?" mume alijitetea.

Mlango ulifunguka, upana wake wote, na Bibi akatokea amejifunga shali, fimbo mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu. Ukuta wake ulikuwa mwembamba.

"Kwani nyinyi hamlisikii?" aliuliza. "Linapumua usiku kucha. Fyuuu. Halafu linanguruma, krrr, kama marehemu baba yenu alivyokuwa na pumu. Linanyamaza. Nikishaanza kupotelea usingizini, fyuuu tena."

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilisema! Nilikwambia hilo gari lenu lina kifua. Ukaniambia, mama, lala."

Dokta alimtazama Bibi kwa muda. Kisha akacheka, si kile kicheko cha gerejini. Alikaa chini kabisa, kwenye kibaraza, karibu na miguu ya mama wa watu.

"Hili gari lina akili nyingi mno," alisema. "Ukilizima halilali moja kwa moja. Kila baada ya muda linaamka, linajipima kama limekaa sawa. Linakuta upande mmoja uko juu. Linatoa hewa huku, linajaza kule. Halifiki. Linalala kidogo, linaamka, linajaribu tena. Litafikaje? Kibaraza hakishuki. Pampu inafanya kazi usiku mzima kama mtu anayenyoosha shuka kwenye kitanda kilichovunjika mguu. Kwangu sakafu imenyooka, ndiyo maana lililala kama mtoto."

"Kwa hiyo imekufa tena?" mke aliuliza.

"Hapana. Imezimia. Ikipata joto sana inajizima yenyewe ili isiungue. Ipumzike, iwekwe mahali palipo sawa, itaamka."

Mume aliinua kichwa. "Na ile ya kwanza?" aliuliza. "Ile waliyoitoa wakatuwekea mpya. Ilikufa, au ilizimia?"

"Sijui, shemeji. Huenda ilikufa. Wao hawakuuliza gari linalala wapi. Na mimi, na mdomo wangu wote, sikuuliza." Aliivua miwani kwenye kilemba akaifuta bila sababu. "Safari ya leo siilipishi."

Bibi aligonga fimbo chini. "Kwa hiyo ni mlango wangu."

"Hapana mama, ni kibaraza," mume alisema haraka.

"Usinipake mafuta, mimi si chapati. Ni mlango wangu. Basi ufunguke kwa ndani."

Mke alitazama ndoo yake. Mume alikohoa.

"Hauwezi kufunguka kwa ndani, mama. Kuna kabati."

Wote walilijua kabati. Lilikuwa jeusi, zito, lenye miguu ya simba, kubwa kuliko chumba. Baba wa mume alilinunua enzi za uhai wake, na tangu afariki halikusogezwa hata kidole. Lilisimama nyuma ya mlango kama askari. Kila sikukuu mume aliingia chumbani kwa mama yake na kitambaa na mafuta, akalipangusa kimya kimya mpaka likang'aa, akatoka.

"Kabati," Bibi alisema. "Lile pango? Miaka yote najigonga goti pale. Nimelivumilia kwa ajili yako! Nikikuona unavyolipangusa, nasema, mwanangu anamkumbuka baba yake, ngoja nijigonge."

"Mimi?" Mume alisimama. "Mimi nalipangusa kwa sababu nilidhani unalipenda wewe!"

"Nani alikwambia nalipenda?"

"Hujawahi kutaka liondoke!"

"Hujawahi kuuliza!"

Mama na mwana walitazamana. Mke aligeukia ukuta, mabega yakitikisika, na Dokta akajifunika uso kwa kilemba. Muuza maji, ambaye alikuwa amerudi na madumu matupu na kusimama pale bila kuitwa, ndiye aliyeshindwa kwanza. Alicheka mpaka akaushika mkokoteni wake usimkimbie. Bibi akafuata, na mume akawa wa mwisho, akicheka na kufuta macho, na haikujulikana vizuri alikuwa akifuta nini.

---

Walilisukuma gari. Mume alishika usukani mlango ukiwa wazi, mkewe na Dokta nyuma, muuza maji pembeni. Magurudumu mawili yalishuka kutoka kwenye kibaraza, moja, kisha la pili, na gari likakaa lote chini katikati ya uani, limeinama nyuma, halina hadhi yoyote. Dokta alilaza kiganja kwenye bodi, karibu na pampu, kama anayepima homa.

"Tulipe muda."

Bibi aliagiza kigoda, akakaa mbele ya boneti, fimbo mapajani. Majirani waliotoka kucheka walibaki kutazama. Mke alileta chai. Dokta alikunywa amesimama. Mume alizunguka, akasimama, akazunguka tena, mpaka Bibi akamwambia akae, anamtia kizunguzungu. Jua lilipanda juu ya ukuta.

Mwishowe Dokta aligusa tena, akakubali kwa kichwa, akamwashiria mume.

Injini iliwaka kwa sauti yake ya chini. Kwa muda hakuna kilichotokea, na mke alijikuta ameikunja riboni aliyokuwa nayo mfukoni, ameikunja tena na tena. Kisha chini ya gari kitu kikanguruma, krrr, na Bibi akainua kidole: "Hiyo! Ndiyo hiyo!"

Upande wa nyuma ulinyanyuka. Haukuruka, ulipanda polepole, kwa heshima zake, kama mgeni rasmi anayeinuka kutoka kwenye kiti ili atoe hotuba. Gari likanyooka. Taa ya njano ikazimika. Ua mzima ukapiga kelele, na muuza maji akayapiga madumu yake kama ngoma.

Mchana ule kabati lilitoka. Lilihitaji wanaume wanne na matusi mengi ya upole. Lilipofika nje kwenye mwanga, Bibi alilitazama kwa kitambo, akalipitishia kiganja mara moja, akasema lipelekwe kwa jirani mwenye duka la vitambaa, yeye ana ukuta. Mume alizing'oa bawaba kwa bisibisi yake mwenyewe, akazifunga upande wa pili, akapiga randa ukingo wa mlango. Alipomaliza, Bibi aliusukuma mlango kwa ncha ya fimbo. Uliingia ndani bila kukwama.

Jioni, kwa mara ya kwanza, gari lililazwa magurudumu yote manne chini, na mkokoteni ukapita ukibakiza nafasi ya mkono.

---

Asubuhi ya Jumamosi lilikuwa limesimama kama lilivyoachwa. Mke alilifunga riboni nyeupe, akapanga maua, akapangusa kioo ambacho hakikuwa na kitu. Walipofika ukumbini, lile gari jeupe lilikuwa tayari limeegeshwa mlangoni, dereva wake ameegemea boneti akitafuna kijiti. Meneja alisimama kwenye ngazi, mikono kiunoni.

"Mimi naona limesimama," alisema. "Lakini nasikia jana lilipiga magoti."

"Jana lilipumzika," mke alisema.

"Na likipumzika tena njiani, bibi harusi ndani, baba yake nyuma yangu?"

Mume alitaka kueleza habari za hewa, pampu na kibaraza. Mke hakumpa nafasi. Alifungua mlango wa nyuma, akainama kidogo kama anavyowainamia maharusi.

"Ingia, meneja."

"Niingie wapi?"

"Kaa. Wewe ni mzito kuliko bibi harusi yeyote nitakayembeba mwaka huu, na gauni lake pia."

Wahudumu wa ukumbi walijifanya hawakusikia. Meneja alitazama kushoto na kulia, akaona kukataa kungekuwa aibu kubwa zaidi, akaingia. Gari lilishuka kidogo chini ya uzito wake. Dereva wa gari jeupe aliacha kutafuna. Kisha ikasikika ile ngurumo ndogo, na gari, bila haraka, likamnyanyua meneja wa ukumbi mpaka mahali pake, likamweka sawa, likatulia.

Meneja alikaa pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliligusa zulia kwa kiatu. Alilaza kichwa nyuma.

"Hmm," alisema.

Aliposhuka alimwashiria dereva wa gari jeupe aondoke, kwa kidole kimoja tu. Halafu akamwambia mke, kwa sauti ya mtu anayebadilisha mada, kwamba mwezi ujao kuna harusi tatu, na mojawapo ni ya mpwa wake.

Walimbeba bibi harusi. Aliingia akilia na kucheka, gauni likajaa kiti chote, na kwenye kila shimo la barabara mume alishikilia usukani kwa glavu zake nyeupe akisubiri mtikisiko ambao haukuja. Mke alikuwa mbele, pembeni yake. Mara moja, kwenye mzunguko mkubwa, mke alimgusa mumewe goti.

"Jumatatu nitampigia yule kijana mwenye tai," mume alisema wakirudi. "Breki tutampelekea. Na nitamwambia wawe wanawauliza watu gari linalala wapi."

"Mwambie pia kahawa yao ni nzuri."

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa yote. Na yako."

Jumapili asubuhi Bibi alitoka, mlango ukifunguka kwa ndani, akakaa kwenye kibaraza chake kitupu, uso umekunjamana. Mume alimwinamia kwa wasiwasi.

"Mama, umeamkaje? Goti?"

"Goti zima. Sikulala."

"Kwa nini tena?"

Bibi aliliangalia gari, lililosimama kimya katikati ya uani, jeusi, limenyooka, linang'aa kwa umande.

"Kimya kilikuwa kingi mno," alisema. "Mtu anazoea. Usiku nimeamka, nikalisikiliza, nikasema, jamani, limekufa. Nikatoka na tochi kulitazama."

"Ukakuta nini?"

"Limelala," Bibi alisema. "Kama wewe."